Daftari la Mimea la Shule Yetu

 Twataka kuwapa habari za daftari moja lililomo shuleni kwetu, daftari nene ambalo jalada lake limeliwa pembe na mende. Machoni pa mpita njia si kitu cha thamani, walakini limetufundisha sisi walimu kuliko lilivyowafundisha watoto. Limetufundisha kwa makosa mawili, na yote mawili ni yetu. Basi twayaeleza hapa bila kuficha, ili mwalimu mwingine, au mzazi, asiiandame njia tuliyoipita sisi.

Sisi tu walimu wawili wa somo la sayansi katika shule ya msingi iliyo chini ya milima ya Usambara, upande wa Muheza. Hapa kwetu mimea ni mingi hata mtu hawezi kuihesabu. Ukipanda mlimani utafika Amani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha mwaka 1902 chuo cha kuchunguza mimea na kilimo, wakapanda miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia. Baadaye, wakati wa Waingereza, alikaa huko mtaalamu wa mimea aitwaye Greenway, akatunga kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, na chapa yake ya pili ilitoka Dar es Salaam mwaka 1940. Majina yale hakuyatunga yeye kichwani mwake. Yalitoka vinywani mwa watu, yaani wakulima, waganga, wachunga mbuzi, na kina mama waliokwenda kuni. Lakini mtu akituuliza zamani kama sayansi yaweza kuanzia kwa mama aliyebeba kuni, tungalimcheka. Na kweli tulicheka, kama mtakavyosikia.

Mwaka ule tulikuwa tukifundisha darasa la sita habari za asidi na besi. Kitabu chasema kwamba asidi hugeuza karatasi ya litimasi ya buluu kuwa nyekundu, na besi hugeuza nyekundu kuwa ya buluu. Karatasi hiyo hatukuwa nayo. Tuliiagiza mjini, tukangoja muhula mmoja, tukangoja na wa pili, isifike. Basi tukafanya kama wafanyavyo walimu wengi wenye shida: tukayaandika maneno yale ubaoni, tukawaambia watoto wayarudie hata wayajue kwa ghaibu. Wakayarudia vizuri sana. Mkaguzi angalipita siku ile angalisifu. Walakini hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyejua asidi ni kitu gani, ila kwamba ni neno linalokuja kabla ya neno litimasi.

Ndipo msichana mmoja akainua mkono, akasema, "Mwalimu, kwa bibi yangu choya hugeuka rangi ya kijani tukiosha vikombe kwa majivu. Je, na hiyo ni litimasi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nasi, twakiri kwa aibu, tukacheka pamoja nao. Tukamwambia, "Keti. Hapa twasoma sayansi, hatusomi habari za jikoni." Akaketi. Tangu siku ile hakuinua tena mkono wake, nasi hatukulitambua hilo, maana mwalimu huwaona upesi wanaoinua mikono, na wanaoacha kuinua hawaoni.

Ikawa siku moja ya masika mvua ilitukuta njiani, tukakimbilia baraza iliyokuwa karibu. Kumbe ni nyumba ya bibi yake msichana yule. "Hodi hapa! Shikamoo, bibi." "Marahaba, wanangu. Karibuni, ingieni ndani, msilowe." Akatupa kiti na mkeka, akatuletea choya katika vikombe vyeupe vya bati. Tulipokwisha kunywa, mjukuu wake akavichukua vikombe, akaketi penye mchirizi wa maji kuviosha. Akachota majivu mekoni, akayatia na maji. Matone ya choya yaliyosalia yalikuwa mekundu kama damu. Tulipoangalia, yalikwisha kugeuka kijani. Msichana hakutuambia neno. Alitutazama mara moja tu, akaendelea kuosha.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tukafungua vitabu vyetu vya chuoni, tukaona mambo ambayo tulikuwa tumeyasoma zamani pasipo kuyashika. Rangi nyekundu ya choya ni ya jamii iitwayo anthosianini, nayo hubadilika kwa asidi na kwa besi. Ndimu huifanya nyekundu ing'aayo. Majivu na magadi huipeleka kwenye kijani. Tukaona tena kwamba litimasi yenyewe haikuanza kiwandani, bali hutolewa katika viumbe vidogo viotavyo juu ya mawe na magome ya miti, mfano wa ukoga mkavu. Tena, Robert Boyle, mmoja wa mabingwa wa kwanza wa kemia, katika kitabu chake juu ya rangi kilichotoka mwaka 1664, alieleza jinsi alivyotumia sharubati ya maua yaitwayo vayoleti. Ilitiwa asidi ikawa nyekundu. Ilitiwa chumvi ya majivu ikawa kijani. Sharubati na majivu! Basi bwana huyo mkubwa naye alikuwa akisoma habari za jikoni, wala hapana aliyemwambia akae chini.

Jumatatu iliyofuata tulimwita msichana mbele ya darasa, tukasema mbele ya watoto wote kwamba siku ile yeye alikuwa amesema kweli, na sisi tulikuwa tumekosa. Kwa mwalimu si jambo jepesi, lakini ni dawa. Kisha tukamwomba alete choya cha bibi yake. Watoto wengine wakaleta ndimu, siki, magadi, majivu, kipande cha sabuni, maziwa yaliyoganda, na maji ya kisima. Tukatia choya katika vikombe saba, na katika kila kikombe kitu kimoja. Kabla ya kutia tuliwaambia waandike wanachodhani kitatokea, na baada ya kutia waandike kilichotokea. Kikombe cha ndimu, cha siki na cha maziwa yaliyoganda vikafuatana. Cha magadi, cha majivu na cha sabuni vikafuatana. Mtoto mmoja akauliza, "Kumbe ndiyo sababu magadi na ndimu vikichanganywa hutoa povu, kila kimoja chamuua mwenzake?" Swali hilo halikuwa katika kitabu, walakini tulikaa nalo kwa kipindi kizima, na hata leo hatujapata somo zuri kuliko lile.

Mwalimu Nyerere aliandika katika "Elimu ya Kujitegemea", mwaka 1967, kwamba shule za wakati ule zilimfanya mtoto adhani kila maarifa yenye maana yamo vitabuni au kwa watu waliosoma, na kwamba maarifa ya wazee hayafai kitu. Maneno hayo tuliyasoma chuoni, tukayajibu katika mtihani, tukapata maksi nzuri. Kisha tukaenda shuleni tukafanya lile lile alilolikataza. Kweli, kujua neno ni jambo moja, na kulitenda ni jambo la pili.

Hapo ndipo lilipoanza daftari letu. Tuliwaambia watoto, "Nendeni kwa wazee wenu, ulizeni majina ya mimea na kazi zake, mlete habari." Ukurasa tukaupiga mistari, ukawa na nafasi tano: jina kwa Kibondei au Kisambaa, jina kwa Kiswahili, mahali mmea uotapo, sehemu itumikayo, na nafasi ya mwisho tuliyoiandika kwa wino mwekundu, "Hutibu nini". Watoto walikwenda kama nyuki waliofunguliwa mzinga. Muhula haujakwisha tulikuwa na kurasa nyingi. Wazee waliokuwa hawafiki shuleni ila kwa kuitwa juu ya makosa ya watoto wao, sasa walifika wenyewe, na tawi mkononi, wakisema, "Mwanangu alikosea, si mti ule, ni huu." Wakati ule twadhani hapakuwa na walimu wenye furaha kuliko sisi katika wilaya nzima.

Ndugu wasomaji, furaha ina upofu wake. Zamani tulicheka maarifa ya wazee. Sasa tukayameza mazima mazima, bila kutafuna. Habari yoyote mtoto aliyoileta tuliiandika, na tuliyoiandika tukaipigia muhuri wa shule. Hatukuwa peke yetu katika jambo hili. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2011, watu maelfu kwa maelfu walivyosafiri hata kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500, na jinsi waganga wa hospitali walivyowasihi wagonjwa wasiache dawa zao. Sisi tuliyaona mambo hayo yakapita, tukasema, "Watu hawa hawakusoma." Miaka michache baadaye tukayafanya nasi, tena kwa wino mwekundu.

Katika ukurasa mmoja palikuwa na mti ambao jina lake hatulitaji hapa, asije mtu akautafuta. Mbele yake tuliandika: "Mzizi. Hutibu malaria." Maneno matatu tu. Mvulana mmoja wa darasa la sita, mtoto hodari, aliyanakili katika daftari lake mwenyewe. Hata siku moja mama yake akaenda kumwuguza ndugu yake katika kijiji cha mbali, na baba alikuwa akilala shambani kulinda mahindi. Mdogo wake, mtoto wa miaka minne hivi, akashikwa na homa. Mvulana hakufanya uvivu, wala hakufanya ujinga. Alifungua daftari lake, akasoma yaliyoandikwa na walimu wake, akachimba mzizi, akauchemsha, akamnywesha mdogo wake asubuhi na jioni. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Siku ya tatu mtoto akashikwa na degedege. Majirani wakambeba mbio hata zahanati, na kutoka zahanati akapelekwa hospitali. Damu ilipopimwa ikaonekana ni malaria, tena imekwisha panda kichwani.

Mtoto hakufa. Twamshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini alipotoka hospitali masikio yake hayakuwa kama zamani. Ukimwita kwa nyuma hageuki.

Baba wa watoto hao alikuja shuleni. Hakugomba. Aliliweka mezani daftari la mwanawe, akaonyesha ukurasa kwa kidole, akauliza, "Walimu, hili neno 'hutibu' mlilipata wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulilipata kwa mtoto aliyelipata kwa bibi, na kati ya bibi na ukurasa ule hapana aliyeuliza swali lolote.

Tukaenda kwa bibi yule, ndiye yeye wa choya, tukamweleza yote. Mioyoni mwetu, twakiri tena, tulikuwa tukitafuta mtu wa kushiriki naye lawama. Alisikiliza hata mwisho. Kisha akasema maneno ambayo tumeyaandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari:

"Wanangu, mliniletea mtoto akaniuliza jina la mti, akaniuliza na ugonjwa. Nikamjibu alichouliza. Hakuniuliza mgonjwa ni mtu wa umri gani. Hakuniuliza mzizi mwingi kiasi gani, wala wachemshwa kwa muda gani, wala mtu anywe siku ngapi. Wala hakuniuliza ni nani asiyepewa. Mimi mtoto mdogo simpi dawa ile kabisa. Mtoto wa homa akilegea shingo, akikataa kula, namwambia mama yake, 'Jifunge kanga, mbebe, nenda zahanati sasa hivi.' Kwani ninyi mlidhani mimi sina kipimo?"

Hapo ndipo tulipoliona kosa letu la pili, nalo ni ndugu wa lile la kwanza. Siku ile tulipocheka tulidhani bibi hana elimu. Siku ile tulipoandika "hutibu" bado tulidhani hivyo hivyo. Tulidhani maarifa yake ni jina na ugonjwa basi, kama kitu cha kuokota njiani, kumbe yana masharti, na mipaka, na mambo yaliyokatazwa. Tulimheshimu kwa mdomo, lakini hatukumheshimu kiasi cha kumwuliza maswali magumu. Mtu mnayemwamini kuwa ni bingwa mnamhoji. Mtu mnayemwona kuwa ni kitu cha kale mnamnakili tu.

Basi tukarudi vitabuni mara ya pili, kutafuta jinsi dawa za mimea zilivyopata kujulikana ulimwenguni kwa hakika. Tulizoea kusikia kwamba kwinini ilitoka katika magome ya mti wa milima ya Peru. Ni kweli, na mti huo ulipandwa hata huku kwetu Amani. Lakini magome yalitumika Ulaya tangu karne ya kumi na saba, na watu hawakujua kwa hakika ni kiasi gani cha dawa kilichomo, maana gome la mti mmoja si sawa na la mwingine. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitenga kwinini yenyewe peke yake. Tangu hapo dawa ikaweza kupimwa kwa mizani.

Habari ya pili ni ya mama mmoja wa China, jina lake Tu Youyou. Yeye na wenzake walitafuta dawa ya malaria katika mapishi ya kale ya nchi yao. Walijaribu mmea uitwao artemisia, mara ukafaa, mara usifae. Mama huyo akarudi kukisoma tena kitabu kilichoandikwa na Ge Hong katika karne ya nne, akaona kwamba mzee yule hakuandika kuchemsha. Aliandika kulowesha mmea katika maji na kukamua utomvu wake. Akafahamu kwamba huenda moto ndio unaoharibu dawa. Akaitoa kwa njia isiyo na moto mwingi, na mwaka 1971 ikafanya kazi katika wanyama. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza wenyewe, kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Kutokana na mmea huo imepatikana dawa mseto, ambayo tangu mwaka 2006 Tanzania imeitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Angalieni, wasomaji: siri haikuwa katika jina la mmea. Ilikuwa katika neno moja la namna ya kutengeneza, ambalo wengine walilipita. Na hata leo Shirika la Afya Duniani halikubali mtu ajitibu malaria kwa kuchemsha majani ya artemisia kama chai, kwa sababu kiasi cha dawa kilichomo hakijulikani.

Ya tatu yatoka karibu zaidi, katika nchi ya Ethiopia. Mwaka 1964 mtaalamu Aklilu Lemma alikuwa Adwa, akichunguza konokono waenezao kichocho. Akawaona kina mama wakifua nguo mtoni kwa matunda ya mmea uitwao endod, ambayo hutoa povu kama sabuni. Upande wa chini ya mahali pale aliona konokono wengi waliokufa. Upande wa juu walikuwa hai. Hakupita tu. Aliwachukua konokono walio hai, akawatia katika maji yenye povu lile, akaangalia. Kina mama walijua endod hufua. Yeye alijua konokono huleta kichocho. Maarifa mawili yakakutana pale mtoni, kwa sababu mtu mmoja alisimama akatazama. Tena mmea ule ni sumu kwa anayeula, na hilo nalo ni sehemu ya elimu yake.

Hapa nyumbani kazi ya namna hiyo yafanyika Muhimbili, ambako mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha kuchunguza dawa za asili, nacho kikawa Taasisi ya Tiba Asili mwaka 1991. Na mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya gizani. Yamo katika nuru ya sheria na ya maabara, wala nuru haimdhuru mganga aliye mkweli.

Baada ya hayo tulilichukua daftari, tukakata neno "Hutibu" katika kila ukurasa, tukaandika, "Husemwa kuwa hutibu". Watoto walidhani ni kazi ndogo. Ilituchukua juma zima, maana katika kila ukurasa tulisimama tukauliza, "Nani asema? Alimpa nani? Akaona nini?" Tukaongeza nafasi nyingine: nani aliyetuambia, kipimo chake, nani asiyepewa, dalili za kukimbilia zahanati, na mwisho, "Limepimwa?" Katika nafasi hiyo ya mwisho kurasa nyingi zimeandikwa "Bado". Hatuoni haya. "Bado" ni neno la kweli, nalo lafungua mlango kwa mtoto atakayekuja kupima.

Tena tukaweka sharti kwamba dawa za kunywa shuleni hatupimi kabisa, maana hiyo ni kazi ya wenye maabara. Sisi twapima yale yasiyoweza kumdhuru mtu. Watoto walibishana juu ya mwarobaini, ambao jina lake lasema hutibu maradhi arobaini. Walipojaribu kuyataja hawakufika hata kumi na mawili. Mmoja akasema ni mti wa wazee wetu tangu kale, tukamwonyesha kwamba asili yake ni upande wa Bara Hindi, ukaletwa huku, nasi tukaupa jina. Basi tukachukua mikebe miwili ya mahindi, mmoja tukautia majani makavu ya mwarobaini na mmoja tusiutie, tukawahesabu fukusi kila Ijumaa. Mkebe wenye majani ulikuwa na fukusi wachache. Zamani tungaliandika "Huua fukusi", tukafunga daftari. Lakini msichana yule wa choya akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, huenda mahindi ya mkebe ule yalikuwa na fukusi wachache tangu mwanzo?" Tukarudia kwa mikebe kumi. Kazi hiyo yaendelea.

Tukajaribu na mbegu za mlonge, kwa kuwa tulisoma kwamba kina mama wa Sudan huzitumia kusafisha maji ya Nile yenye matope. Mbegu iliyomenywa na kupondwa, moja kwa lita moja ya maji machafu, ikikorogwa upesi kidogo, kisha polepole kwa dakika chache, na maji yakaachwa yatulie muda wa saa moja au mbili, tope hushuka chini. Ni kwa sababu protini za mbegu hushikamana na chembe za udongo, zikawa nzito, zikazama. Watoto walipoona maji ya mto yamekuwa meupe walitaka kuyanywa. Tukawauliza, "Meupe ni sawa na salama?" Wakanyamaza. Mbegu zile hupunguza vijidudu, lakini haziviondoi vyote. Kwa hiyo wakaandika katika daftari: "Huondoa tope. Maji yachemshwe bado."

Bibi yetu wa choya amezeeka sana sasa. Mwezi uliopita alimwita mjukuu wake na sisi, tukaenda naye porini polepole, naye akiegemea fimbo yake. Alituonyesha jinsi ya kuchimba mzizi upande mmoja tu wa mti, kisha kurudisha udongo na kuukanyaga, ili mti usife. Mambo mengine tulipomwuliza alisema, "Hilo sisemi." Tukaandika jina la mmea na kuiacha nafasi wazi, maana maarifa ni mali ya mwenyewe, na mgeni hanyang'anyi. Mengine aliyasema mara tatu, ili tusikosee tena. Na kila mti alioutaja, mjukuu wake alimwuliza, "Bibi, na nani asiyepewa?" Bibi akacheka, akatuambia, "Sasa mmejifunza kuuliza."

Walimu wenzetu, twawaomba jambo moja. Muhula huu mtoto akileta habari ya jikoni, au ya shambani, au ya bibi yake, msimcheke. Wala msimpigie makofi mkaandika upesi. Mwulizeni maswali, kisha mpime pamoja naye kile kinachopimika. Na wazazi, wazee wakiulizwa na watoto, tafadhalini msitoe jina la mti bila kipimo chake na makatazo yake. Nasi sote tukumbuke kwamba mtoto wa homa ni wa zahanati kwanza, siku ile ile, apimwe damu.

Yule mtoto aliyeumwa sasa yuko darasa la pili shuleni kwetu. Tumemweka dawati la mbele, karibu na ubao, na kila tumwambiapo neno twamgeukia ili atuone midomo. Kaka yake amekwisha maliza shule ya msingi, lakini hurudi Jumamosi kutusaidia kazi ya daftari. Hatukumpa sisi kazi hiyo, aliichagua mwenyewe. Kazi yake ni kusoma kila ukurasa mpya kabla haujapigwa muhuri, na akiona mtoto ameandika "hutibu", hulikata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika juu yake lile jingine.